Stata ya Loro

Matiya alifika mtaa wa Buluk mikono mitupu, na Poni aliliona hilo kabla hata hajamtazama usoni.

"Iko wapi?" akauliza.

Hakusema karibu, hakusema pole na njia. Poni ni mwanamke wa adabu, lakini adabu nayo ina siku zake, na ile Jumanne ya Julai mwaka elfu mbili kumi na sita haikuwa siku yake. Bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu jana yake jioni, baada ya kulia siku nne, na hapakuwa na mtu Juba aliyejua zimenyamaza kwa muda gani. Ndani, juu ya godoro, binti yake Tisa wa miaka sita alikuwa amelala na kipande cha chuma ndani ya paja. Kilipenya mabati Jumapili kikamkuta amejikunja chini ya meza alikowekwa ili asalimike. Sasa paja limevimba, limewaka moto, na mtoto ameanza kuita watu wasiokuwepo. Njia za kwenda hospitali za mjini zilikuwa hazipitiki. Helen, jirani yao muuguzi, alikuwa amekifunga kidonda akamvuta Poni pembeni. "Mpeleke hospitali ya Nimule, mpakani, leo," alimwambia. "Akilala Juba siku mbili tena, tutamzika."

Na uani, juu ya matofali, lilikuwepo gari. Landikruza la Loro, mume wa Poni, jeupe, linang'aa kama la harusi, na halikuwa limewaka kwa miaka miwili na nusu.

"Nakuuliza, fundi. Stata iko wapi?"

"Gereji imevunjwa, mama Tisa," Matiya akasema. "Jumapili. Wamebeba kila kitu, mpaka mlango. Na stata imekwenda."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Ila kuna ukweli ambao mwongo hujifunika nao kama shuka, na huo ulikuwa mmoja wao. Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Vita vya kwanza vilipolipuka Desemba elfu mbili kumi na tatu, nchi ikiwa haijamaliza hata miaka mitatu ya uhuru wake, wenye magari wa Juba walijifunza jambo moja upesi: gari linalowaka si lako, ni la yeyote mwenye bunduki. Basi wakawa wanawaita mafundi wawaulie magari. Ndivyo walivyosema, kuua. Fundi anatoa kitu kimoja tu, pampu au stata, anakwenda nacho kwake, kwa sababu mafundi walikuwa na msemo wao siku zile: gari na roho yake havilali nyumba moja. Kile kitu kikikutwa uvunguni mwako, utapigwa mpaka ukirudishe kwa mkono wako mwenyewe.

Matiya alikuwa Mganda aliyekuja Juba mwaka wa uhuru, akafungua gereji mtaa wa New Site. Siku ya tatu ya vita vile, Loro alimwita, naye akaja akaliua gari. Aliifungua stata, akaiviringisha kwenye gunia la unga, akaondoka nayo begani. Loro alimsindikiza mpaka langoni. "Siku tukiamua kuondoka nitakuja kuichukua mwenyewe," alisema. "Usimpe mtu mwingine."

Kesho yake risasi zilifika New Site. Matiya alikuwa na mke wake Josline na watoto wawili chini ya kitanda. Jirani yake Kizza alikuwa na Landikruza la aina ileile, zima kabisa, ila stata yake imeungua. Sasa wewe ungefanyaje? Matiya hakujiuliza hata mara mbili. Alifunga stata ya Loro kwenye gari la Kizza, wakapakia watoto, wakashika njia ya Nimule mpaka Uganda. Hakumwambia Loro. Simu zilikuwa hazishiki, ni kweli, lakini hata kama zingeshika asingepiga, na hilo analijua mwenyewe.

Gari la Kizza halikurudi tena Juba, na stata haikurudi. Matiya alirudi Machi, peke yake. Alipofika Buluk kutoa salamu, Poni alimtolea kiti, akamletea chai, akamuuliza swali moja tu: "Loro hakupita kwako?"

Matiya alidhani anadaiwa stata. "Hapana, hakupita," alijibu haraka. "Na ile stata ipo. Nimeitunza."

Poni alitikisa kichwa polepole, akamwongezea sukari. Tangu siku ile hakuuliza tena. Loro alikuwa ametoka nyumbani wiki ileile ya vita asionekane tena, wala maiti yake haikuonekana, na mkewe akakataa katakata kukaa matanga. Kila Jumamosi aliosha gari. Matiya, kwa aibu yake, alikuja kila mwezi kulitazama, akamfundisha Poni kuingia ndani kila akimaliza kuosha na kukanyaga klachi mara kumi, isije ikashikana kwa kutu. Mwaka wa pili alipata stata nyingine ya aina ileile, akaiviringisha kwenye gunia la unga kama la kwanza, akaitundika gereji. Mwezi ujao nitaipeleka, alijiambia. Mwezi ukaja mwingine, na mwingine, na wezi wakaja kabla yake.

Basi ndivyo alivyosimama uani Jumanne ile, mikono mitupu.

"Bila stata linaweza kuwaka?" Poni akauliza.

"Likisukumwa. Injini ikikubali."

"Na isipokubali?"

Matiya alivua shati, akaingia chini ya gari.

Injini iliyolala muda mrefu haiamshwi kwa pupa. Ukiilazimisha kavukavu utavunja pete za pistoni, na hapo hata malaika hakusaidii. Alifungua plagi za kupashia moto, akamimina oili kidogo katika kila tundu, akangoja ishuke. Alivuta bomba la hewa, akakuta nyigu wamejenga mji mzima humo. Akaung'oa, akaumwa mara mbili, akatukana Kiganda. Alimwaga dizeli iliyokuwa kwenye tangi. Ilitoka nyeusi, inanuka rangi ya zamani. Dizeli safi walikuwa na jerikeni moja tu, ya jenereta ya Helen. Akaliweka jerikeni lenyewe ndani, nyuma ya kiti cha dereva, akapitisha mpira kutoka humo mpaka kwenye pampu.

Kisha akashika spana ndefu, akaiweka kwenye puli ya mbele, akavuta.

Haikwenda.

Akavuta tena kwa miguu miwili imekaza kwenye bampa, mishipa ya shingo imemtoka. Puli ilikaa palepale. Kutoka ndani Tisa aliita, "Baba," na Poni, aliyekuwa amechuchumaa karibu na gurudumu, akafumba macho. Matiya alikaa chini vumbini. Aliogopa, tusimpambe. Aliogopa kama siku ile chini ya kitanda, tofauti ni kwamba safari hii mtoto hakuwa wake, na hilo lilimchoma zaidi.

"Ongeza oili," Poni akasema. "Ngoja kidogo. Ndivyo unavyonifanya hata mimi nikiwa na hasira, unangoja."

Aliongeza, akangoja, jua likazidi kupasha chuma. Alipovuta mara ya tatu puli ilijivuta unene wa kidole, ikakwama, ikajivuta tena. Halafu ikazunguka. Matiya aliizungusha mara ishirini kwa mkono, akihesabu, huku machozi na jasho vinamchanganyikia usoni.

Jambo la mwisho lilikuwa kile kivalvu cha pampu kinachotaka umeme ndipo kiruhusu dizeli ipite. Betri ilikufa zamani. Basi akakifungua, akatoa kijiti chake cha ndani, akakirudisha tupu.

"Sikia vizuri, mama Tisa," akasema. "Sasa hili gari ufunguo hauliwezi. Likiwaka limewaka. Haliwezi kuzimwa ila kwa kulikaba na gia. Na likizima njiani, mimi na wewe hatuwezi kulisukuma."

"Basi lisizime," Poni akasema.

Wakajaza magurudumu kwa pampu ya mkono, wakalishusha kutoka juu ya matofali, wakamlaza Tisa na godoro lake nyuma. Igga, kinyozi wa mtaani, alikusanya wanaume tisa kimyakimya. Walilisukuma mpaka barabarani, Matiya akiwa usukani, gia ya tatu, mguu kwenye klachi. Klachi ilishuka laini. Jumamosi zote zile hazikwenda bure.

Mara ya kwanza alipoachia, gari liligutuka likasimama. Mara ya pili likakohoa moshi mweupe. Mbali, upande wa mlima, risasi moja ililia, kisha mbili, na wawili kati ya wasukumaji wakaacha mikono wakatazamana.

"Msinikimbie!" Igga akawafokea. "Mnakimbia risasi ya Jebel mkiwa Buluk? Sukumeni, yala!"

Wakasukuma kwa mara ya tatu, wanakimbia, ndara zinawavuka miguuni. Matiya akaachia klachi. Gari likatetemeka lote, likapiga kelele kama mtu aliyeamshwa kwa maji, likafuka moshi mweusi mpaka nyumba zikapotea. Lakini liliwaka. Poni aliruka ndani likiwa linatembea, na hakuna aliyeaga.

Njia ya Nimule ilikuwa imejaa watu wa miguu, magodoro vichwani, mbuzi wamefungwa kwenye baiskeli. Matiya aliendesha na roho mkononi, haachi kukanyaga mafuta hata akipunguza mwendo. Walifika Nesitu mchana. Pale penye vibanda vya chai, mahali malori husimama, kulikuwa na kamba imekatiza barabara, na vijana watatu wenye bunduki. Wawili walikuwa na sare; wa tatu, aliyekuwa mkubwa wao, alivaa suruali ya sare na fulana ya timu ya mpira. Alizungumza Kiswahili cha Kenya, cha mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi.

"Zima gari, mzee."

"Afande, mimi iko na mgonjwa. Gari haina stata. Nikizima..."

"Nimesema zima."

"Haiwezi kuwaka tena, afande. Nakuomba."

Mkubwa alizunguka mbele, akafungua boneti mwenyewe. Aliinama, akatazama upande, akaliona lile tundu tupu mahali pa stata. Alipoinuka alikuwa anacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri.

"Mnanicheza? Huu ujanja naujua. Elfu mbili kumi na tatu nilitafuta stata za watu mpaka ndani ya vyungu vya mboga. Mmeificha wapi?"

"Mafi, mwanangu," Poni akasema kwa Kiarabu cha Juba, mikono imefunguka. "Wallahi mafi. Hakuna."

"Iliibwa gereji Jumapili," Matiya akasema.

"Kila mtu ameibiwa Jumapili. Shukeni. Gari inabaki hapa mpaka stata ipatikane."

Mmoja wa wale vijana alikwishafungua mlango wa nyuma. Aliinua godoro Tisa akiwa juu yake, na mtoto akalia kilio chembamba ambacho Matiya hakuwahi kukisikia kwa binadamu. Kijana mwenyewe alishtuka, akaliachia godoro, akarudi kinyumenyume akalipiga jerikeni kwa kisigino. Jerikeni likalala ubavu. Mpira ukavuta hewa. Injini ikapepesuka, ikashuka, ikakohoa.

Matiya hakufikiri. Alijitupa nyuma ya kiti, akalisimamisha jerikeni kwa mikono yote miwili, akausukuma mpira chini. Akasikia bunduki ikikokiwa nyuma ya sikio lake. Alibaki vilevile, tumbo juu ya kiti, amekumbatia jerikeni, anasikiliza. Injini ilikohoa mara mbili zaidi. Kisha ikatulia, ikaendelea kuunguruma.

"Mzee," mkubwa akasema taratibu, "fundi mwenye akili hatoki Juba siku kama hii na gari isiyo na stata. Niambie ukweli mara moja tu. Sitauliza tena."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Matiya alikuwa ameuficha wake muda wa kutosha. Aligeuka. Hakumtazama mwenye bunduki, alimtazama Poni.

"Stata ya gari hii niliitoa mimi," akasema. "Elfu mbili kumi na tatu. Mwenye gari alinipa niitunze. Baba wa huyu mtoto. Kesho yake nikaifunga kwenye gari nyingine, nikapeleka mke wangu na watoto wangu Uganda. Sikumwambia. Nilimwacha na gari iliyokufa. Niliporudi nikamdanganya mke wake kwamba ninayo. Nimemdanganya mpaka asubuhi ya leo. Iliyoibwa Jumapili ni nyingine, niliitafuta nifunike uongo wangu. Hiyo ndiyo kweli. Ukitaka kuniua niue, lakini mtu mwingine aendeshe, mtoto afike."

Mkubwa alimtazama Poni, akaona uso wake ulivyokuwa, na nadhani uso ule ndio uliomalizia maneno. Uongo mtu huutunga ili umpendeze. Maneno yale hayakumpendeza mtu yeyote.

"Kalas, basi," akasema, akashusha bunduki. "Gari ya kusukumwa na watu kumi ya nini hapa kizuizini? Ondoka. Wewe mzee, ondoka kabla huyu mama hajaniomba bunduki."

Kamba ikashushwa.

Waliendesha saa mbili na zaidi. Poni alikaa nyuma, kichwa cha Tisa pajani, jerikeni katikati ya miguu yake, akilishika kila penye matuta. Vilima vikapita, malori yaliyoungua yakapita. Walikuwa wakikaribia daraja la Aswa, ndipo Poni akasema.

"Siku ile Machi nilikuuliza kama Loro alipita kwako."

"Nakumbuka."

"Sikuwa nauliza stata, Matiya."

Matiya alimtazama kwenye kioo.

"Siku ya tano ya vita vile, saa nne asubuhi, Loro alitoka nyumbani kwa miguu. Aliniambia, nakwenda New Site kwa Matiya, nachukua stata, nikirudi tunaondoka. Hakurudi." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemsimulia mtoto. "Watu waliniambia siku ile mtaa wenu walikufa wengi, milangoni. Nikangoja nikuulize wewe. Nawe ukaniambia hakupita kwako, na stata ipo. Basi nikajua hakufika New Site. Nikasema alipinda njia. Mtu aliyepinda njia anaweza kuwa Yei, anaweza kuwa kambini, anaweza kuwa popote. Hilo ndilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kwa hilo nikaosha gari."

"Mama Tisa..."

"Kumbe hukuwepo, ulikwisha kuondoka jana yake. Kumbe alifika, akabisha mlango ambao hauna mtu."

Matiya alihisi barabara inamkimbia machoni. Mguu wake ulilegea wenyewe kwenye mafuta, gari likapunguza, likaanza kutetemeka. Alitaka kushuka, apige magoti kwenye lami, afanye kitu ambacho mtu hufanya.

"Usisimame!" Poni akamkemea, na hapo sauti yake ikapasuka. "Ukisimama litazima. Utalia baadaye. Endesha!"

Akaendesha.

Walifika Nimule jua halijatua. Kwenye hospitali ndogo karibu na mpaka, watu wawili walikuja na machela, wakamchukua Tisa na mama yake wakaingia. Matiya alibaki garini mbele ya lango, mguu kwenye mafuta, injini inaunguruma. Mlinzi alikuja kulalamika juu ya moshi. Matiya akamwomba radhi, hakuzima. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Dizeli ilikuwa imebaki vidole viwili ndani ya jerikeni, na mguu umekufa ganzi mpaka nyonga. Hakuzima. Alikwishaliua gari lile mara moja katika maisha yake, na mkono wake ulikataa kuliua tena.

Poni alitoka wakati taa za hospitali zinawashwa. Alikuja mpaka dirishani kwa dereva.

"Wamekitoa kile chuma," akasema. "Homa inashuka. Daktari amesema mguu utabaki."

"Asante kwa Mungu," Matiya akasema.

"Mbona unaliacha linaunguruma?"

"Nikizima haliwaki tena bila watu wa kusukuma."

"Watu wapo. Nimule imejaa watu."

"Nilifikiri..."

Poni alilitazama gari, kuanzia taa za mbele mpaka nyuma, kama alivyolitazama kila Jumamosi akiwa na kitambaa mkononi, akitafuta mahali palipobaki vumbi. Lilikuwa limechafuka lote.

"Zima, Matiya," akasema. "Loro harudi."

Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya nne, mguu mwingine juu ya breki. Akaachia. Gari liliruka mara moja, likatikisika, likanyamaza. Poni akaweka viganja vyake viwili juu ya boneti lililokuwa bado la moto, na hapo, mbele ya mlinzi na wagonjwa na watu wote wa langoni, akaanza kulia kwa sauti, kama wajane wanavyolia siku ya kwanza.